Je, kunukuu filamu zilizotangulia kunamtoa mtazamaji ndani ya hadithi? Mfano wa Alien: Romulus

MtazamajiMakini (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba maoni yenu juu ya jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipoitazama Alien: Romulus. Natanguliza tahadhari kwamba nitataja mambo ya katikati na ya mwisho wa filamu hiyo, hivyo ambaye bado hajaiona na hapendi kusimuliwa aishie hapa.

Kwa wasioufuatilia mfululizo huu wa viumbe wauaji wa anga za juu, Alien ya kwanza, iliyoongozwa na Ridley Scott, ilitoka mwaka 1979, na Aliens ya James Cameron ikafuata mwaka 1986. Romulus, ya mwongozaji Fede Álvarez wa Uruguay, ilitoka Agosti 2024, lakini kisa chake kimewekwa mwaka 2142, yaani miaka 20 baada ya matukio ya filamu ya kwanza na miaka 37 kabla ya matukio ya ile ya pili. Wahusika wakuu ni Rain, binti yatima anayeishi katika koloni la migodi lisiloona jua, na Andy, roboti mwenye umbo la binadamu ambaye marehemu baba yake Rain alimwokota jalalani, akamtengeneza na kumpa agizo moja tu, kwamba afanye lililo jema kwa Rain. Andy ni mpole, ana kigugumizi, hukwama mara kwa mara, na husema mizaha ya kitoto aliyowekewa na baba huyo. Wawili hawa wanaishi kama ndugu wa damu.

Kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa nimezama kabisa. Kisha tunafika kwenye shimo la lifti, kiumbe amemkaribia Rain kiasi cha kumng'ata, na Andy anatokea na bunduki, anamwamuru kiumbe amwache dada yake, halafu anamalizia kwa tusi. Hayo ni maneno ya Ripley, shujaa wa filamu mbili za mwanzo, yaleyale aliyomwambia malkia wa viumbe hao mwaka 1986, na huenda ndiyo maneno mashuhuri kuliko yote katika mfululizo mzima. Ukumbini nilimokuwa watu kadhaa walishangilia. Mimi nilijikuta nimerudi kwenye kiti changu, nikikumbuka kwamba natazama filamu, kwamba filamu hii ina wamiliki, na kwamba kuna kikao kilichokaa kikaona mashabiki watalipenda jambo hili. Ilinichukua muda kuingia tena katika hadithi, na wakati huo Rain alikuwa bado yumo hatarini.

Swali langu ni hili: je, tatizo ni langu, kwa kuwa nimezitazama zile za zamani kupita kiasi, au marejeo ya namna hii kweli yanamtoa mtu ndani ya hadithi? Na kama yanamtoa, kwa nini mengine hayafanyi hivyo? Maana filamu hiyohiyo imejaa mambo ya mwaka 1979, kama vile kompyuta zenye vioo vinene na maandishi ya kijani, vitufe vinavyobofyeka kwa kishindo, na hata yule ndege wa kuchezea anayeinama na kuinuka kana kwamba anakunywa maji. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonisumbua.

Fundi Projekta

Ndugu mleta mada, tatizo si lako, na nadhani jibu umekwisha kulikaribia katika sentensi zako za mwisho.

Kompyuta za maandishi ya kijani ni sehemu ya dunia wanamoishi Rain na Andy. Wao wanazitumia, zinawachelewesha, zinawakatalia kufungua milango. Kwa hiyo mtazamaji anayezitambua na mtazamaji asiyezitambua wote wanaona kitu kilekile, chombo cha kazi kilichochakaa. Maneno ya Andy hayana makao katika dunia hiyo. Ripley anayasema mwaka 2179, na wakati wa Romulus amelala usingizi wa baridi katika chombo chake kidogo, ambamo atalala kwa jumla ya miaka 57 kabla ya kuokotwa. Hakuna njia yoyote ambayo Andy angeweza kuyasikia. Anayeyajua ni mimi na wewe, na anayetuambia ni mwandishi wa muswada, akipitisha salamu juu ya vichwa vya wahusika wake.

Tazama pia namna maneno hayo yalivyopatikana mara ya kwanza. Cameron alikuwa amemwonyesha Ripley mapema akiendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo ambayo dereva huivaa mwilini, mbele ya askari waliodhani hana kazi ya kufanya. Alikuwa amemjenga mtoto Newt, aliyepoteza wazazi, mpaka Ripley akawa kama mama yake. Na alikuwa ametuonyesha Ripley akiyachoma mayai ya malkia mbele ya macho ya malkia mwenyewe. Kwa hiyo mlango unapofunguka na Ripley akatoka ndani ya mashine, tusi lile linatoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine, na kila kinacholibeba kimo ndani ya filamu ileile. Ukilichomoa ukampa Andy, unabaki na sauti yake tu.

Kipimo changu, basi, ni hiki: mhusika ana sababu yake mwenyewe ya kusema au kutenda jambo hilo, hata kama filamu iliyotangulia isingekuwapo? Kama anayo, rejeo litakaa. Kama hana, mtazamaji atahisi mkono wa mtu wa nje.

Binti Kisiwani

Nimeisoma hoja ya Fundi Projekta kwa makini na nakubaliana naye kuhusu Andy, ila kipimo chake hakinitoshi, na nitaeleza kwa mfano wa James Bond, mfululizo ambao una marejeo mengi kuliko huu wa viumbe.

Katika Skyfall ya mwaka 2012, Bond anamtorosha bosi wake, M, kwenda Uskochi, na gari analolitoa stoo ni Aston Martin DB5 yenye namba BMT 216A, bunduki za mbele na kiti cha abiria kinachorushwa nje kwa kubonyeza kitufe. Hilo ni gari la Goldfinger, filamu ya mwaka 1964. Bond huyu wa Daniel Craig alianza kazi katika Casino Royale ya mwaka 2006, tukamwona akipewa kibali cha kuua hapohapo mwanzoni, kwa hiyo hawezi kuwa ndiye aliyepambana na Goldfinger. Wala huwezi kujitetea kwamba ni ile DB5 aliyoishinda kwenye mchezo wa karata kule Bahamas, kwa sababu ile ilikuwa na usukani kushoto na hii ina usukani kulia. Ukitumia kipimo cha Fundi, gari hili halina sababu yoyote ya kuwapo, na sote tulipaswa kutolewa nje ya hadithi.

Hata hivyo, mimi sikutoka. M anaanza kulalamika kwamba gari halina raha, Bond anafunua kifuniko cha rungu la gia, kidole gumba kinatua karibu na kile kitufe chekundu, na M, bila kumtazama, anamwambia amrushe tu nje akitaka, yeye hajali. Kwa sekunde hizo chache unaona uhusiano wote wa watu hawa wawili: mama mkali asiye mama, na mtoto mkaidi asiye mtoto. Baadaye helikopta ya adui inalipiga gari lile risasi mpaka linalipuka, na uso wa Bond unabadilika kuliko ulivyobadilika nyumba ya utotoni mwake ilipokuwa ikitobolewa matundu. Filamu ilileta kumbukumbu yetu, ikaifanyia kazi, kisha ikaiteketeza mbele yetu.

Linganisheni na Die Another Day ya mwaka 2002, filamu ya 20, iliyotolewa miaka 40 baada ya ile ya kwanza. Halle Berry anatoka baharini na kisu kiunoni kama alivyotoka Ursula Andress mwaka 1962. Katika karakana ya Q, mtengeneza vifaa vya Bond, kuna ule mtambo wa kurukia wa Thunderball na kile kiatu chenye kisu cha sumu cha From Russia with Love. Hapa kila kitu kina sababu: mwanamke ana haki ya kuogelea, na karakana ina haki ya kutunza vifaa vya zamani. Lakini hakuna kinachofanyika na vitu hivyo. Vinapita mbele ya kamera kama bidhaa zilizopangwa kabatini, na sisi tunahesabu.

Kwa hiyo naona sababu peke yake haitoshi, na pengine hata si ya lazima. Ninalouliza mimi ni kama tukio lingebaki na uzito baada ya rejeo kutambuliwa, au kama kutambua ndiyo kazi yote iliyokuwapo.

Mwalimu wa Jioni

Nimefurahi kuona mada inajadiliwa bila kutukanana, jambo ambalo kwa mazungumzo ya filamu ni nadra. Naomba nilete upande wa mtazamaji asiyejua chochote, kwa sababu mpaka sasa tunazungumza kana kwamba kila aliyenunua tiketi amezihifadhi filamu zote moyoni.

Wengi wa rika langu hatukuzipata filamu hizi kwa mpangilio. Tulizipata katika vibanda umiza, kanda ikiletwa kwa bahati, na mara nyingi ya pili ilitangulia ya kwanza. Zaidi ya hapo, tulizisikiliza kupitia watafsiri wa aina ya akina Lufufu huku Tanzania, au akina DJ Afro kwa wenzetu wa Kenya, ambao huzungumza juu ya sauti za wahusika, huwapa majina mapya, na humkatiza shujaa katikati ya mapigano ili kumpa ushauri. Ukizingatia hayo, unaweza kujiuliza tulizama vipi, maana kulikuwa na mtu anayetukumbusha kila dakika kwamba tunatazama filamu. Lakini tulizama, tena sana, kwa sababu mtafsiri alikuwa upande wetu tangu mwanzo na hakuwahi kujificha. Tusi la Andy linakera kwa sababu filamu ilikuwa imejificha kwa saa nzima, imetuaminisha kwamba hakuna mtu nyuma yake, kisha ghafla ikajitokeza na kutukonyeza.

Romulus niliitazama na mpwa wangu, kijana wa sekondari ambaye hakuwa ameona filamu yoyote ya mfululizo huu. Alipenda kila kitu, na lile tukio halikumtoa popote. Hata hivyo aliniuliza swali moja tulipokuwa tunatoka, na nililiona la maana kuliko hakiki nyingi nilizosoma: kwa nini Andy alitukana? Yeye alikuwa amemfuatilia Andy kama mtu, akajua kwamba ni mpole na kwamba mizaha yake yote ni ya kumchekesha dada yake, na tusi lile likamsikika kama la mtu mwingine. Hakujua kwamba kweli ni la mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapoona hasara yenyewe. Ninyi mnaojua mlitolewa kwa dakika chache kisha mkarudi. Yeye asiyejua alibaki ndani, lakini akabaki na mhusika aliyeharibiwa kidogo, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

MtazamajiMakini (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na swali la mpwa wa Mwalimu limenipa lugha niliyokuwa nikiikosa.

Sasa naomba tujaribu kesi ngumu zaidi, nayo ni Rook. Kwa ambao hawajaiona, ndani ya kituo cha anga Rain na wenzake wanakuta roboti aliyekatika kiwiliwili, ofisa wa sayansi wa kampuni, na sura yake ni ya Ian Holm, aliyemwigiza roboti Ash katika filamu ya mwaka 1979. Holm alifariki mwaka 2020. Familia yake iliridhia, likatengenezwa sanamu la mitambo, mwigizaji Daniel Betts akatoa uigizaji, na kompyuta ikamalizia sura na sauti. Baadaye Rook anawaambia vijana wale kwamba hawezi kuwadanganya kuhusu uwezekano wao wa kunusurika, lakini anawapa pole. Nayo ni kauli ya Ash.

Kwa kipimo cha Fundi, hili ni rejeo halali kabisa. Rook na Ash ni toleo moja kutoka kiwanda kimoja. Kama wamepewa sura moja, hakuna ajabu wakipewa na maneno mamoja ya kufariji wanaokaribia kufa, na kwa kweli nilipenda wazo kwamba pole ile iliyotutisha mwaka 1979 ilikuwa sentensi ya kiwandani. Kwa kipimo cha Binti Kisiwani pia anapita, kwa sababu Rook ana kazi kubwa katika hadithi: ndiye anayempa Andy agizo jipya, la kuitumikia kampuni badala ya Rain. Lakini kila alipotokea, nilikuwa natazama midomo yake. Midomo haikukaa sawa na maneno, macho yalikuwa na ule ukungu wa kompyuta, na badala ya kuogopa nilikuwa nakagua. Toleo la kutazama nyumbani lilirekebishwa na sura ikawa nzuri zaidi, lakini bado nilikagua.

Fundi Projekta

Mfano wa gari la Bond unanilazimisha nikiongezee kipimo changu sehemu ya pili, nami namshukuru Binti Kisiwani. Rook, kwa upande wake, nadhani anatuonyesha kitu tofauti na tusi la Andy. Tusi linakutoa kwa sababu ya kinachosemwa. Rook anakutoa kwa sababu ya namna alivyotengenezwa, na muswada mzuri hauwezi kumwokoa. Rogue One, filamu ya Star Wars ya mwaka 2016, ilikuwa na ugonjwa huohuo ilipomrudisha Peter Cushing, aliyekufa mwaka 1994, akaonekana amesimama katikati ya waigizaji walio hai na kila mtu akawa anamtazama yeye peke yake.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba sura ya zamani kamwe haiwezi kurudishwa. Katika Blade Runner 2049, ya mwaka 2017, tajiri Wallace anamletea Deckard, shujaa wa filamu ya awali, nakala ya Rachael, mwanamke aliyempenda katika filamu ya mwaka 1982, akiwa na sura na nywele za wakati ule. Mtazamaji anaanza kukagua papo hapo, kama ulivyomkagua Rook: je, ni yeye, macho ndiyo yale, shavu ndilo lile? Na Deckard, ndani ya hadithi, anafanya ukaguzi huohuo. Anamtazama, anatetemeka, kisha anasema kwamba macho yake yalikuwa ya kijani, na anageuka. Nakala ile inapigwa risasi hapohapo. Shaka yetu juu ya kazi ya kompyuta imefanywa kuwa shaka ya mhusika, na hata kama kuna kasoro usoni, kasoro hiyo inaisaidia filamu. Katika Romulus hakuna anayeshangazwa na uso wa Rook, kwa kuwa hakuna kati ya vijana wale aliyewahi kumwona Ash. Tunabaki tumeduwaa peke yetu.

Nadhani Álvarez angemwokoa Rook kwa kumharibu zaidi. Kiwiliwili kimekatika na ubavu umeliwa na asidi. Kwa nini uso ubaki karibu mzima? Nusu ya uso, sauti iliyokwaruza, na giza, vingetosha.

Binti Kisiwani

Kabla mada haijageuka kuwa mashtaka dhidi ya Romulus, filamu ambayo binafsi naiweka juu ya nyingi zilizotoka baada ya mwaka 1986, nataka kutaja rejeo lililonizamisha zaidi badala ya kunitoa.

Tangu mwaka 1979 tunajua kwamba damu ya viumbe hawa ni asidi. Katika filamu ya kwanza wanajaribu kumkata yule aliyemng'ang'ania Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, usoni, tone linatoka, na wafanyakazi wanakimbia ngazi kwa ngazi kutazama linavyotoboa sakafu moja baada ya nyingine. Ukweli huo umekuwa sheria ya mfululizo: ukimpiga risasi kiumbe ndani ya chombo, unatoboa chombo chako mwenyewe. Sasa Rain amezingirwa kwenye korido, bunduki anayo, na mtazamaji anayeijua sheria ile ameshika kiti kwa nguvu kwa sababu anajua kwamba silaha hiyo haina faida. Rain anazima nguvu ya uvutano, anafyatua risasi akiwa anaelea, na damu badala ya kuanguka inasambaa hewani kwa matone yanayozunguka polepole, naye na Andy wanapaswa kupenya katikati yake bila kuguswa.

Hapo hakuna aliyenukuu neno lolote. Filamu imechukua tunachokijua, ikakitumia kututia hofu kabla ya mhusika, kisha ikakigeuza kwa namna ambayo hakuna filamu iliyotangulia katika mfululizo huu iliyowahi kufikiria. Mpwa wa Mwalimu naye hakuachwa nje, kwa maana filamu ilikuwa imekwisha kumwonyesha mapema asidi inavyokula chuma, na imekwisha kumwonyesha jinsi uvutano wa kituo kile unavyozimwa na kuwashwa. Sisi tulikuwa na hofu ya miaka 45, yeye alikuwa na hofu ya saa moja, na sote tulikuwa kwenye korido moja.

MtazamajiMakini (mleta mada)

Tukio hilo la asidi nalo nilikuwa ndani kabisa, na linakuja muda mfupi kutoka lile la tusi, jambo linalonifanya nisikitike zaidi. Mwongozaji anayeweza kufikiria korido ile hakuhitaji kumwazima Ripley maneno.

Na kilichokuwa karibu naye ni ile mizaha ya baba. Andy alikuwa amekwisha kurudishiwa akili yake ya awali, na agizo la kampuni limeondolewa. Mzaha mmoja wa kipuuzi, uliosemwa kwa kigugumizi mbele ya kiumbe kile, ungemwambia Rain, na ungetuambia sisi, kwamba kaka yake amerudi. Lingekuwa rejeo la filamu ndani ya filamu yenyewe, na hata mpwa wa Mwalimu angelicheka.

Mwalimu wa Jioni

Mzaha ningeupokea, ila kwa sharti kwamba uje baada ya risasi. Kabla ya risasi ungeniua hofu.

Kuhusu mpwa wangu, nimemwahidi kumwonyesha Aliens shule zikifungwa. Atafika pale mlango unapofunguka na Ripley akatoka ndani ya ile mashine, na kwake yeye Ripley ndiye atakayesikika kana kwamba anamnukuu Andy. Nimeshamwambia mama yake asimdokeze chochote, na atakachosema nitakileta kwenye uzi huu.